Daktari wa Kuku na Mchele Uliooshwa Mno

Marehemu tunayemzika leo alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 4 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya tanuri la matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mchomaji wa matofali, na mama yake alishona magunia kwa sindano ndefu akiwa ameketi kizingitini, kwenye mwanga. Watoto wa nyumba ile walikua na vumbi jekundu kwenye kope, na mama yao alikuwa akisema kwamba akiwapangusa nyuso wote watano hupata tofali zima. Marehemu aliitwa Polepole tangu utotoni kwa sababu alichelewa kutembea na akachelewa zaidi kusema. Dada yake mkubwa, ambaye yupo hapa, ndiye aliyembeba mgongoni muda wote huo. Anasema mgongo wake haujamsamehe hadi leo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mkia. Jambo moja la siku hizo lilikuwa likisimuliwa na baba yake. Mwalimu wa sayansi aliwauliza watoto kwa nini tunakula, wakajibu kwa pamoja kwamba tunakula ili tupate nguvu. Marehemu akanyoosha kidole na kuuliza, tukila tukashiba na bado tusipate nguvu, je? Mwalimu akamwambia akamwagilie bustani. Alikwenda, akaimwagilia yote, akarudi na kuuliza tena. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha matabibu na akahitimu mwishoni mwa 1971.

Tarehe 1 Februari 1972 aliajiriwa katika zahanati ya kiwanda cha nguo. Zahanati hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili: mmoja ulitazama uwanja, wa pili ulifungukia banda la kufumia. Mitambo ilinguruma kutwa nzima, na daktari na mgonjwa walizungumza kwa midomo na mikono. Kifua cha mtu alikisikiliza wakati wa kubadilishana zamu, mitambo ilipozimwa kwa muda mfupi. Wagonjwa wa kifua walijua saa yao, na walipanga foleni wakiwa wamekwisha fungua vifungo. Marehemu aliipenda kazi ile. Alisema hajaona mahali pengine ambapo mgonjwa anamtazama daktari wake usoni kiasi hicho.

Kwa mshahara wake wa kwanza alinunua baiskeli, na hakuwahi kujifunza kuipanda. Aliisukuma kwenda kazini na kurudi, begi la dawa likiwa limefungwa kwenye keria. Wanawake wa kusokota nyuzi walikuwa wakimngoja getini. "Daktari, leo ni nani kambeba mwenzake?" Alijibu kwamba baiskeli inaumwa, anaipeleka hospitali. Alitoa jibu hilo hilo kwa miaka mingi, na walicheka kila siku kama vile wanalisikia kwa mara ya kwanza.

Sehemu ya kazi yake ilikuwa kukagua jiko la kantini. Mpishi mkuu wa kantini wakati huo alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye kiwanda kizima kilimwita Mama Safi. Mchele ulikuja mweupe kutoka mashineni, naye aliuosha, akamwaga maji, akauosha tena, hadi maji yawe maangavu kama ya kunywa. Kisha aliuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga yale mazito. Wali wake ulikuwa mweupe, kila punje imejitenga na mwenzake. Marehemu alikagua jiko lile na hakupata kosa. Alirudi kesho yake kulitafuta. Wiki ya tatu mpishi akamwambia, "Daktari, hilo kosa unalolitafuta halimo humu jikoni. Jaribu kumuuliza baba yangu." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1975. Kwenye ukuta wa kantini palikuwa na cheti cha usafi wa jiko, chenye sahihi ya daktari, na watani walisema hiyo ndiyo mahari pekee aliyolipa.

Mtoto wao wa kwanza, binti, alizaliwa tarehe 21 Juni 1976. Sauti yake ilivuka nyumba zote za mstari wa wafanyakazi, hivyo majirani wakampa jina la Chiriku. Tangu hapo baba akawa Baba Chiriku. Mama alirudi kazini mapema. Alilalamika kwamba nyayo zinakufa ganzi, na wote wawili walidhani ni sakafu ya saruji ya jikoni. Mwezi Septemba mtoto alianza kutapika, akavimba uso. Bibi yake alimleta zahanati mchana, mitambo ikiwa inanguruma. Marehemu aliona mdomo uliofunguka na machozi yakitoka. Sauti hakuisikia, lakini mahali pale hapakuwa na sauti ya mtu yeyote iliyosikika. Nyumbani jioni walisema koo limekauka kwa kulia. Alimtibu kwa penisilini. Chiriku alifariki tarehe 29 Septemba 1976, na kwenye cheti baba yake aliandika nimonia. Watu walisema mganga hajigangi. Walilisema kwa upole.

Si yeye peke yake aliyefiwa hivyo. Kila mwaka watoto kadhaa wa wafanyakazi, wenye umri wa miezi miwili hadi minne, walikufa kwa namna ile. Walikuwa watoto wanene, waliotunzwa, wanaonyonya. Wote waliandikiwa nimonia.

Mwaka 1978 marehemu alipelekwa kusoma nchi nyingine, kwa lugha nyingine. Huko, katika kipindi cha kawaida cha asubuhi, mwalimu aliwasomea dalili za ugonjwa uitwao beriberi kwa mtoto anayenyonya: hutapika, huvimba, moyo hutanuka, hulia bila sauti. Marehemu alinyoosha kidole na kuomba sentensi ya mwisho irudiwe. Ilirudiwa. Akaendelea kuandika. Mwenzake wa chumbani anakumbuka kwamba mchana huo alikula chakula chake chote, akaosha sahani, akaipangusa, akaiosha tena. Barua aliyotuma nyumbani wiki hiyo haikutaja jambo hilo. Ilihusu baridi na bei ya soksi.

Ugonjwa huo umetembea sana duniani. Ulijulikana tangu kale, lakini ulienea zaidi mashine za mvuke za kukoboa mchele zilipofika bandarini na mijini, ukaingia melini, magerezani na kambini mwa askari. Watu walianza kwa ganzi miguuni, wakaishia kitandani. Inasemekana jina lake, kwa lugha ya kisiwa kimoja cha mbali, maana yake ni "siwezi, siwezi." Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa madaktari walisaka kidudu chake kwa darubini, kwa kuwa wakati huo kila ugonjwa ulitafutiwa kidudu. Daktari mmoja wa jeshi alikuwa na kuku wa majaribio katika ua wa hospitali. Kuku wale walianza kuyumba na kuanguka. Kisha, bila tiba yoyote, wakapona. Ilikuja kugundulika kwamba walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa mchele wa askari kuliwa na kuku wasio askari. Wakapewa mchele wenye ganda lake, wakasimama. Baadaye wakalinganishwa wafungwa wa magereza mbalimbali, kwa aina ya mchele waliokula, na jibu likawa lile lile. Ilichukua miongo mingine kabla kitu chenyewe hakijatolewa kwenye pumba, chembe chache za unga mweupe kutoka shehena nzima, na kupewa jina: vitamini B1. Hukaa kwenye ngozi ya punje. Mashine huivua ngozi hiyo, maji ya kuoshea huchukua kilichobaki, na maji ya kupikia yakimwagwa humaliza kazi. Mama anayekula wali kama huo humnyonyesha mtoto maziwa yasiyo na vitamini hiyo.

Marehemu alirudi mwanzoni mwa 1980. Katikati ya mwaka mke wake alikuwa mjamzito tena. Alimpa vidonge vya vitamini, akamwambia ni vya kuongeza damu. Kuhusu Chiriku alikaa kimya. Kumwambia mpishi kwamba kosa lilikuwamo kwenye mchele kulikuwa ni kumwambia mama kwamba lilikuwamo kwenye mikono yake, tena kwenye usafi wake. Kutomwambia kulikuwa ni kuwaacha watoto wengine waendelee kufa, kwa sababu jiko lilikuwa lake. Marehemu alikaa katikati ya mambo hayo mawili kwa miezi kadhaa, akienda kazini na kurudi.

Msimamizi wa kantini, alipoelezwa habari za mchele, alimwambia kwamba habari za ng'ambo ni za ng'ambo. Basi akanunua kuku, akajenga mabanda mawili ya waya nyuma ya zahanati. Kuku wa banda la kwanza walikula wali wa kantini peke yake. Wa banda la pili walikula wali huo huo ukiwa umenyunyiziwa pumba. Ndipo alipoitwa Daktari wa Kuku. "Hodi kwa daktari, jogoo wangu anakohoa," watu walisema mlangoni. Wali aliuleta mke wake kwa ndoo, kila asubuhi, akiamini kwamba mumewe anafuga.

Asubuhi moja ya mwezi Oktoba alilikuta banda la kwanza limelala. Kuku mmoja alikuwa amekunja shingo nyuma, anatazama juu. Mwingine alijaribu kusimama, akakaa. Mama Safi aliweka ndoo chini.

"Baba Chiriku, hawa wanakula nini?"

"Wali wa kantini."

"Na wale wanaotembea?"

"Wali wa kantini, na pumba juu yake."

Alitazama banda moja, akatazama la pili. "Mchele nauosha mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Na vile vidonge unavyonipa. Ni vya damu kweli?"

"Si vya damu."

"Na Chiriku?"

Marehemu alikuwa amejiandalia maneno mengi, kwa lugha mbili. Alisema, "Na Chiriku."

Mke wake aliinua ndoo na kurudi jikoni, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Marehemu aliwapa kuku walioanguka pumba zilizolowekwa, mdomoni, mmoja mmoja. Baada ya siku chache walisimama.

Mchana ule ule Mama Safi aliosha mchele mara moja tu, na hakumwaga maji. Wali ulitoka umeshikana na una rangi ya majivu. "Mama Safi, leo maji yamekatika?" wafumaji waliuliza. Wiki iliyofuata aliweka pumba kwenye uji wa asubuhi, na utani ukaisha. "Tumekuwa kuku sasa?" Masufuria yalirudi jikoni yakiwa nusu. Msimamizi akamwita mpishi na kumpa hadi mwisho wa wiki: aoshe mchele kama zamani, au aache jiko. Marehemu alikwenda kumwona.

"Daktari," msimamizi alisema, "mimi nalisha watu mia nane. Wewe unalisha kuku."

"Kuku wangu wanakula kwako, bwana."

"Kwa hiyo niwaambie wakubwa nini? Kwamba kuku wameanguka?"

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, Mama Safi alisimama mbele ya meza ya kupakulia, upawa mkononi, tumbo likiwa limekwisha onekana. Mitambo ilikuwa imezimwa. Hakuwa msemaji, na sauti yake haikupanda.

"Nina swali moja kabla hamjala," alisema. "Mwanangu wa kwanza, kabla hajafa, alikuwa analia mdomo wazi na sauti haitoki. Mimi nilidhani ni koo. Nani mwingine mwanawe alilia hivyo?"

Watu walitazama sahani zao. Mwanamke mmoja wa kusokota aliinua mkono hadi usawa wa bega. Wa meza ya nyuma akainua. Kisha wengine, mmoja hapa, mmoja pale. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na dirisha na aliiona mikono ile. Marehemu alikuwa mlangoni.

Mama Safi aliwaeleza habari za mchele na maji, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza namna ya kuwasha jiko. Mfungaji mmoja wa marobota akasema, "Kwa hiyo unataka kusema ni wewe."

"Ni mimi," alijibu. "Na wangu nilimpikia humo humo."

Kisha akaanza kupakua. Foleni ilisimama kidogo, halafu ikatembea.

Msimamizi aliruhusu wali ule upikwe hadi mwisho wa mwaka, kwa kujaribu, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kumwambia aache. Maharagwe yaliongezwa. Mwezi Novemba mfagiaji wa banda la kufumia alimleta mwanawe mchanga, amevimba, mdomo wazi. Muuguzi aliuliza kipimo cha kuthibitisha ugonjwa kiko wapi. Kipimo hakikuwapo, lakini safari hii ampuli za B1 zilikuwamo kabatini. Marehemu alimchoma sindano, akakaa naye. Zamu ilipobadilika na mitambo ikazimwa, sauti ilisikika chumbani.

"Daktari, mtoto analia," muuguzi alisema.

"Namsikia."

"Nimfanye nini?"

"Usimfanye kitu. Mwache alie."

Akachukua baiskeli yake, akaisukuma hadi nyumbani. Mtoto yule ni mtu mzima sasa na anaishi mbali. Hakumbuki chochote, na hana sababu ya kukumbuka.

Marehemu na mkewe walipata mtoto wa kiume Januari 1981, na binti Mei 1984. Mwaka 1983 alihamia hospitali ya watoto, alikofanya kazi na kufundisha hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009. Kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya habari za kuku wa yule daktari wa jeshi. Alikuwa akisema kwamba uchoyo wa mpishi mmoja umewafaa watu wengi kuliko ukarimu wa matajiri, na wanafunzi walicheka. Akifika kwenye dalili za mtoto mchanga alisema, "Kulikuwa na mtoto mmoja, wa kiwandani." Hakusema zaidi. Nyumbani mke wake aliendelea kumwita Baba Chiriku, ingawa majirani wapya walimwita kwa jina la mwanawe wa kiume. Aliitika majina yote mawili.

Mwezi Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alilazwa mara mbili. Daktari aliyemtundikia dripu alikuwa mwanafunzi wake, akamwonyesha chupa. "Mwalimu, humu kuna ile B1 yako." Marehemu akasema si yake, ni ya mpishi mchoyo. Mwezi Februari aliomba arudishwe nyumbani. Aliwekwa chumba kinachotazama barabara, mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma, na alipoulizwa kama kelele zinamsumbua alisema hapana. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024. Mke wake alikuwa jikoni. Aliingia na uji, akauweka mezani, akakaa. Baadaye akaja mtu akauondoa.

Jana familia ilikaa sebuleni kuusoma wasifu huu kabla haujachapishwa. Dada wa marehemu alishauri habari za kantini zipunguzwe. "Penye kuku wengi hapamwagwi mtama, wifi," alisema. "Watakuja watu wa kila aina."

"Mimi nilikwisha umwaga, wifi, mbele ya watu mia nane," mjane akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anauokota. Miaka yote, kwa wanafunzi wake, mtoto mmoja, mtoto mmoja. Alikuwa ananificha."

"Alikuwa anakuheshimu."

"Najua. Sasa amekufa. Mwandikeni mtoto."

Dada wa marehemu akasema basi, aandikwe, na aandikwe vizuri. Kwa hiyo imeandikwa.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, ndugu zake watatu, na binti yake wa kwanza, Chiriku, aliyefariki tarehe 29 Septemba 1976, si kwa nimonia, bali kwa kukosa vitamini B1. Ameacha mjane, aliyekuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo, mwanawe ambaye ni fundi umeme, binti yake ambaye ni mwalimu, wakwe wawili, wajukuu watano, mdogo wao akiwa na miezi miwili, na dada yake mkubwa.

Mjane ameomba tusikae kimya kwa dakika moja kama ilivyozoeleka. Ameomba pia akina mama wenye watoto wachanga wasiwatoe nje wakianza kulia. Wakae nao hapa hapa, karibu na jeneza. Na marehemu apumzike kwa amani, akiwasikia.